Mkate wa Kila Siku na Ibara ya 21

Mwanzoni mwa mwaka 2015, katika usharika niliokuwa ninautumikia, nilisimama mwisho wa ibada ya pili nikazungumza juu ya Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilikuwa imepangwa kufanyika tarehe 30 Aprili mwaka ule. Washarika walikuwa wakiuliza wapige kura gani, matamko ya viongozi wa dini yalikuwa yakisomwa huku na huku, nami nikaona si vema mchungaji akae kimya. Nilizungumza kwa dakika ishirini hivi, tena kwa uhakika mkubwa.

Baada ya baraka tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amenunua mkungu wa ndizi, akaniita pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mchungaji. Hicho kitabu ulichotueleza leo, wewe umekisoma chote?"

Nikamjibu kwamba nimesoma sehemu zilizo muhimu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimesoma magazeti. Kitabu chenyewe kilikuwa ofisini, juu ya kabati, chini ya madaftari ya hesabu za usharika.

"Basi ukikimaliza utuambie," akasema bila ukali wowote. "Na ile ya zamani nayo. Nasikia huwa wanairekebisha. Sasa wanapoirekebisha, huwa wanamuuliza nani?"

Kura ile ya maoni iliahirishwa, na hadi ninapoandika haya haijafanyika. Kwa hiyo Katiba tunayoishi nayo ni ileile ya mwaka 1977, ile aliyoiita bibi "ya zamani". Nimeisoma tangu siku ile, ibara zake zote 152, pamoja na habari za marekebisho yake. Makala hii ni jibu langu kwa yule bibi. Limechelewa, na sehemu yake ni toba.

Serikali njema ni sehemu ya mkate

Kila Mlutheri aliyepita darasa la kipaimara amewahi kukariri maelezo ya Luther juu ya Sala ya Bwana katika Katekisimu Ndogo. Tunapofika kwenye ombi la nne, la mkate wa kila siku, Luther anauliza mkate huo ni nini, kisha anajibu kwa orodha ndefu. Humo mna chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo na fedha, mke au mume mwema, watoto wema. Lakini orodha haikomei nyumbani. Humo humo ametaja watawala wema na serikali njema, amani, na majirani waaminifu.

Tulikariri, tukasimama mbele ya wazee wa kanisa, tukafaulu. Kisha tukasahau. Tunapoomba mkate tunafikiri ugali, maharage na ada ya shule. Hatufikiri Bunge, mahakama wala sanduku la kura. Chuoni nako tulifundishwa jinsi Luther alivyoeleza kwamba Mungu anautawala ulimwengu kwa njia mbili, kwa Injili na kwa sheria za nchi. Tulijibu mitihani juu ya jambo hilo, wengine tukapata alama nzuri. Lakini katika miaka yote ya masomo hakuna siku tuliyofungua Katiba ya nchi yetu tukaisoma pamoja. Tulijifunza kwamba utawala wa dunia ni wa Mungu, bila kujifunza utawala huo hapa kwetu umeandikwaje.

Kama serikali njema ni sehemu ya mkate, basi Katiba ni jambo la mezani kwetu. Mwanasheria ana kazi yake katika kuifafanua, kama daktari alivyo na kazi yake katika kueleza chakula bora. Lakini hakuna mama anayengoja daktari ndipo ajue kwamba watoto wake wameshiba au hawajashiba.

Mara kumi na nne

Katiba ya mwaka 1977 ilirekebishwa mara 14 hadi kufika mwaka 2005. Siwezi kuyaeleza marekebisho yote hapa. Nitachukua machache ambayo kila msharika aliyefikisha umri wa kupiga kura yanamgusa, ajue au asijue.

Marekebisho ya tano, ya mwaka 1984, yaliingiza haki za msingi za binadamu katika Katiba. Kabla ya hapo hazikuwamo kwa namna ambayo mwananchi angeweza kwenda nazo mahakamani. Ndipo tukapata haki ya kuishi, usawa mbele ya sheria, uhuru wa maoni, na ile Ibara ya 19 inayolinda uhuru wetu wa kuabudu. Lakini sheria iliyoambatana na marekebisho hayo iliweka ngoja. Mwananchi hakuruhusiwa kudai haki hizo mahakamani hadi Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kuzisafisha sheria zake. Haki ilitolewa, kisha ikaambiwa isubiri zaidi ya miaka mitatu.

Marekebisho ya nane, ya mwaka 1992, yalirudisha mfumo wa vyama vingi. Mwaka mmoja kabla yake iliundwa tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi. Tume ilikuta kwamba asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi hawakufika robo. Hata hivyo tume ilishauri tuingie katika vyama vingi, na viongozi wakakubali. Mimi naamini waliamua vema, kwa maana sauti ya wachache nayo ni sauti. Lakini hebu tuseme na upande wa pili. Hata katika uamuzi ule mwema, mwananchi aliulizwa maoni tu. Hakuulizwa kwa kura.

Marekebisho ya kumi na tatu, ya mwaka 2000, yalibadili namna ya kumpata Rais. Hapo awali mgombea alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote halali. Tangu hapo inatosha awe na kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutangazwa kuwa Rais wetu ingawa wengi wa waliopiga kura hawakumchagua. Na matokeo yakishatangazwa, Ibara ya 41 inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuyachunguza. Ukipinga matokeo ya ubunge unaweza kufungua kesi. Ukipinga ya urais huna mlango.

Marekebisho ya kumi na nne, ya mwaka 2005, yaliongeza viti maalum vya wanawake bungeni visipungue asilimia 30. Wanawake wa usharika wetu, ambao ndio wengi ibadani na wachache vikaoni, wanaweza kuelewa upesi kwa nini hatua hiyo ilitakiwa.

Yote hayo yalipitishwa kwa njia moja, ile ya Ibara ya 98. Theluthi mbili ya wabunge wote wakikubali, Katiba imebadilika. Kwa baadhi ya mambo inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Hakuna mahali ibara hiyo inapodai kwamba mwananchi apige kura. Hilo ndilo jibu fupi la swali la bibi. Wanapoirekebisha, wanaulizana wao kwa wao. Na ninaposema "wao" sikusudii wageni. Ni watu tuliowachagua sisi, na wengi wao tunashiriki nao Meza ya Bwana.

Mchungaji aliyekwenda mahakamani

Nimeyaruka kwa makusudi marekebisho ya kumi na moja, kwa sababu hayo yanataka nafasi yake.

Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ukizisoma hizo mbili pamoja utasema kwamba raia anaweza kuomba uongozi bila kuwa mwanachama wa chama. Lakini ukifika Ibara ya 39 juu ya Rais, na Ibara ya 67 juu ya wabunge, unakuta sharti lililowekwa mwaka 1992. Mgombea ni lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Pamoja na mambo mengine aliomba mahakama itamke kwamba raia ana haki ya kuwa mgombea binafsi. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alitoa hukumu akakubaliana naye katika hilo. Lakini muswada wa kubadili Katiba ulikuwa umekwisha kupelekwa bungeni siku chache kabla ya hukumu kusomwa. Tarehe 2 Desemba 1994 Bunge likaupitisha. Ibara ya 21 haikufutwa. Iliongezewa maneno ya kuifunga kwenye masharti ya zile ibara nyingine. Haki ikabaki imeandikwa, na mlango wake ukafungwa.

Mwalimu Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, alilipinga jambo hilo hadharani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama haki moja ya msingi inaweza kupunguzwa kwa njia hii, hakuna kinachozuia nyingine zisifuate.

Mchungaji Mtikila alirudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema jambo hili ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika kwa kumzuia mgombea binafsi. Yeye alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao bado ulifanyika bila mgombea binafsi. Mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi wa kawaida kupeleka kesi yake moja kwa moja katika mahakama ile ya Arusha.

Ni lazima niseme kweli. Sikubaliani na mengi aliyoyasema Mchungaji Mtikila katika maisha yake ya siasa. Maneno yake mara nyingi yalikuwa makali, na baadhi yalijeruhi watu wasio na kosa. Hakuwa wa kanisa letu. Nadhani hizo ndizo sababu wengi wetu tuliitazama kesi yake kwa mbali, kama ugomvi wa mtu mmoja na Serikali. Hapo tulikosea. Haki haipimwi kwa upole wa anayeidai. Kama tungengoja mtu asiye na doa ndipo tumsikilize, hata Zaburi nyingi tusingezisoma ibadani.

Wenye hoja ya upande wa pili nao wasikilizwe. Wanasema chama humfanya kiongozi awajibike kwa ilani na kwa wenzake. Wanasema bila vyama tajiri mmoja anaweza kununua jimbo, au kabila likasimamisha mtu wake, au dini ikasimamisha wake. Hofu hizo si za kubuni. Nchi yetu imehifadhiwa kwa muda mrefu na ukabila wa kisiasa, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini chama nacho kinaweza kununuliwa, na kura za maoni ndani ya vyama tumeziona. Dawa ya rushwa na ukabila ni sheria inayomshika mwenye kosa, awe na kadi au asiwe nayo. Kumzuia mwadilifu asiye na kadi hakumponyi mla rushwa aliye nayo.

Jambo hili si la Ikulu na Bunge tu. Hata mwenyekiti wa kitongoji hupendekezwa na chama. Namfahamu mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala, ambaye majirani wa vyama vyote, Wakristo kwa Waislamu, walimwomba asimamie kitongoji chao kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapatanisha kwenye kesi za mipaka. Alikataa kuchukua kadi yoyote. "Nikichukua ya hawa," aliniambia, "wale hawataniletea tena kesi zao." Basi hakugombea. Kitongoji kilipata mwenyekiti, na mzee aliendelea kupatanisha watu kwenye kibaraza chake, bila muhuri. Marekebisho ya mwaka 1994 yalimgusa mtu huyo ingawa hakuwahi kuyasikia.

Mabinti wa Selofehadi

Wapo wanaosema kwamba Katiba isiguswe, na wapo wanaosema ibadilishwe yote. Maandiko yanatufundisha namna ya tatu ya kulitazama jambo hili.

Katika Hesabu 27 tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Kwa desturi iliyokuwapo, jina lake lingepotea na wao wasingepata urithi wa ardhi. Wakaenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaeleza shauri lao. Musa hakuwafukuza, wala hakuwajibu kwa akili yake mwenyewe. Alilipeleka shauri kwa Bwana. Bwana akajibu kwamba wanawake wale wamesema haki, na sheria ya urithi ikarekebishwa kwa ajili ya Israeli yote.

Wengi wetu tunaishia hapo tunapohubiri. Tusonge mbele hadi sura ya 36. Wazee wa ukoo wa mabinti wale nao walikuja kwa Musa na hofu yao. Mabinti wakiolewa na watu wa kabila jingine, ardhi ya kabila itahama. Hofu hiyo nayo ilisikilizwa. Sheria ikarekebishwa mara ya pili, waolewe na wanaume wa kabila la baba yao.

Nimezitafakari sura hizi mbili mara nyingi nikizipima na Ibara ya 21. Naona mambo matatu. Kwanza, marekebisho ya kwanza yalitoka kwa walioumizwa na sheria. Hayakuanzia kwa wakuu. Pili, yote mawili yalifanyika mbele ya watu, na kila upande ulisema hofu yake waziwazi. Tatu, marekebisho ya pili yaliweka mpaka, na kwa macho ya leo tunaweza kuuliza maswali juu ya mpaka ule. Lakini hayakuwanyang'anya mabinti ardhi waliyopewa. Mwisho wa sura ya 36 bado wana urithi wao.

Kipimo hicho nakiweka mbele ya marekebisho yetu. Yale ya mwaka 1984 na 2005 yanasimama vizuri juu ya jambo la tatu, kwa kuwa yaliongeza urithi wa wananchi. Yale ya mwaka 1992 yalimsikiliza aliyekuwa mchache. Yale ya mwaka 1994 yanashindwa. Mwananchi alikwenda mlangoni kudai haki, mwamuzi akasema amesema haki, na kabla ya miezi miwili kupita haki ikaondolewa na waliokuwa washindani wake katika kesi ileile. Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa. Ninachokilaumu ni nguvu ya kurekebisha kutumika ili kuikwepa hukumu. Katiba yenyewe kurekebishwa si kosa, kwa maana hata sheria ya Musa ilirekebishwa.

Mamlaka iliyo kuu

Najua mshirika mmoja atanikumbusha Warumi 13. Mtume Paulo anatuagiza tuitii mamlaka iliyo kuu, kwa kuwa hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Nami naikubali sura hiyo yote. Lakini katika nchi yetu mamlaka iliyo kuu ni ipi? Rais anapoapishwa huapa kuilinda na kuitetea Katiba. Mbunge huapa. Jaji huapa. Wote hao wako chini yake. Na Katiba yenyewe, katika Ibara ya 8, inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Kwa hiyo mtu anayeisoma Katiba na kuuliza maswali anaiheshimu mamlaka. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu aifuate, tena inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria ili ihifadhiwe. Utii wa Warumi 13 hapa kwetu hauwezi kuwa utii wa mtu asiyejua ameagizwa nini.

Paulo huyohuyo, katika Matendo 16, alipigwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa. Kesho yake wakuu wakatuma watu wamwachie kimyakimya. Akakataa. Alisema yeye na Sila ni raia wa Rumi, basi wakuu waje wenyewe wawatoe. Hakutukana mtu wala hakuvunja mlango. Alijua sheria inampa nini, akaidai. Na kanisa changa la Filipi, nadhani, lilibaki salama zaidi mjini mle kwa sababu mtume wake aliujua uraia wake.

Lawama ya nyumbani

Nisingetenda haki kama ningeishia kuwalaumu wabunge. Kanisa nalo lina sehemu yake.

Katiba ya kanisa letu tunaijua. Nakumbuka rasimu ya marekebisho ilipoletwa sharikani, baraza la wazee lilikaa Jumamosi nzima, kuanzia asubuhi hadi taa zikawashwa, tukibishana juu ya kifungu kimoja kuhusu muda wa mzee wa kanisa kukaa madarakani. Kila mtu alikuwa na nakala. Watu walipigia mistari kwa kalamu. Hakuna aliyesema mambo hayo ni ya wanasheria. Sasa, wazee walewale, pamoja nami mwenyekiti wao, tulikuwa hatujawahi kukaa hata saa moja na Katiba inayosema ni nani anaweza kutuongoza, tunaweza kukamatwa kwa utaratibu gani, na tunaabudu kwa ulinzi upi.

Maaskofu wetu waliligusa suala la Katiba katika waraka wao wa Pasaka wa mwaka 2018. Waraka ulisomwa, ukazungumzwa kwa wiki chache, ukawekwa kabatini. Katika ofisi yangu uliwekwa juu ya lile kabati nililolitaja. Tumezoea kusikia matamko kutoka juu kisha kuyakubali au kuyakataa kwa kelele. Hatujazoea kusoma chini. Tamko bila kusoma humfanya muumini apige kura kwa imani ya mchungaji wake, na mimi ni shahidi kwamba mchungaji mwenyewe anaweza kuwa hajasoma.

Hatari yake ni hii. Mtu asiyeijua haki yake hawezi kutambua siku inapopunguzwa. Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilipofika umri wa kupiga kura niliikuta Ibara ya 21 ikiwa na maneno yaliyoongezwa, nikadhani ndivyo ilivyozaliwa. Watoto tunaowapa kipaimara leo nao watadhani hivyo hivyo juu ya kila kitu watakachokikuta, wasipopata mtu mzima wa kuwaeleza kilikuwaje kabla.

Basi pendekezo langu ni dogo. Jumuiya zetu hukutana kila wiki. Baada ya Neno na maombi, isomwe ibara moja ya Katiba, dakika kumi tu. Imeandikwa kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuisoma kwa sauti. Yaulizwe maswali matatu: inampa nani nini, inamzuia nani, na je, imewahi kubadilishwa? Mtu asiruhusiwe kuleta kampeni ya chama chake hapo, awe wa chama tawala au wa upinzani. Darasa la kipaimara likifika ombi la nne, mwalimu aje na Katiba mkononi pamoja na Katekisimu. Na siku ambayo muswada wa kurekebisha Katiba utapelekwa tena bungeni, jumuiya iliyozoea kusoma iweze kumwandikia mbunge wake barua fupi, yenye namba ya ibara na sababu.

Nilirudi kwa yule bibi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ya mnada, na macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilimsomea. Nilianza na Ibara ya 8. Akaniambia niirudie, nikairudia. Kisha nikamsomea ya 21, nikamwonyesha yale maneno yaliyoongezwa yanaanzia wapi. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ni yetu," akasema, "ila hawakutuambia."

"Nami sikuwaambia, bibi," nikamjibu.

Tukaomba Sala ya Bwana pamoja. Tulipofika kwenye mkate, nilijua nimeomba nini.